Barua kwa mwanangu: msemeshe, kisha umpe zamu yake

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuna faida ya kumsemesha mtoto wa miezi minane ambaye haelewi neno, au ni afadhali umwekee zile video za watoto kwenye simu, maana zina maneno mengi kuliko wewe unayerudi nyumbani hoi. Video haitamfundisha kusema katika umri huu. Wewe utamfundisha, na uchovu wako huohuo.

Hilo la kwamba haelewi, usiwe na uhakika nalo. Mwaka 1980, watafiti Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto ambao hawajatimiza siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa namna moja anasikia sauti ya mama yake, kwa namna nyingine anasikia ya mwanamke mwingine. Wakajifunza kunyonya ili wamsikie mama. Na kati ya miezi sita na tisa, watoto wengi wameshaanza kutambua majina ya baadhi ya vyakula na viungo vya mwili, ingawa kuyatamka bado.

Sasa hizo video. Mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, wasiowahi kusikia Kichina. Wengine walikaa na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina, mara 12 tu. Wengine waliwaona watu walewale wakifanya yaleyale kwenye televisheni, na wengine wakasikia sauti peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliocheza na watu walitofautisha sauti za Kichina vizuri. Wa televisheni na wa sauti hawakuambulia kitu, kana kwamba hawakuwahi kuisikia lugha hiyo.

Nimelifikiria sana jambo hili, maana maneno yalikuwa yaleyale. Ila mtu anaona macho ya mtoto yalipo, anangoja, anacheka mtoto anapocheka. Skrini inaendelea na mambo yake hata mtoto akigeukia ukutani. Mwaka huohuo wa 2003, mtafiti Michael Goldstein na wenzake waliwaambia akina mama wa watoto wa umri wa mwanao watabasamu, wasogee na kumgusa mtoto mara tu anapotoa sauti. Akina mama wengine walifanya hivyo pia, lakini kwa wakati usiohusiana na sauti za mtoto. Ni wale watoto waliojibiwa papo hapo ambao ba-ba-ba yao ilianza kufanana na usemi wa kweli.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta maneno mengi. Unapomwogesha sema kitu, nyamaza, mtazame. Akitoa sauti, hiyo ndiyo zamu yake, mjibu. Akikodolea macho kijiko, mtajie kijiko hichohicho, wala usimvutie kwenye picha uliyoipanga wewe. Ile sauti nyembamba ya kudekeza inayokutia aibu mbele ya watu, itumie tu, watoto huisikiliza zaidi kuliko sauti ya kawaida. Na lugha zote mbili za nyumbani mwenu zungumzeni naye. Akianza kusema, hesabu maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja kabla ya kusema amechelewa.

(Simu zangu za video usizikate kwa kisingizio cha barua hii! Watoto wa miaka miwili na zaidi wameonekana kujifunza maneno kwa njia hiyo, kwa sababu aliye upande wa pili anawajibu. Mjukuu wangu atafika huko.)

Jambo moja ndilo nisilotaka ulichukulie kirahisi, nalo ni masikio. Hata mtoto asiyesikia huanza kwa kutoa sauti za kitoto kama wengine, hivyo sauti zake za mwanzo si ushahidi kwamba anasikia. Asipogeukia sauti, aangaliwe. Vivyo hivyo akifika miezi 12 bila kubwabwaja wala kunyoosha kidole, miezi 16 bila neno hata moja, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe. Watakuja watu kukwambia watoto wa kiume huchelewa. Waitikie kwa adabu, kisha mpeleke kliniki. Na akipoteza maneno aliyokuwa nayo, kwa umri wowote ule, usingoje hata wiki.

Mama yako