Riwaya za kwetu: uanze na ipi, na ipi uiweke kando kwanza

Dada'angu wa Jang'ombe, swali lako la riwaya ipi ya kwetu uanze nayo nimelipenda kwa sababu umesema jambo ambalo wengi tunalionea haya: tangu utoke skuli hujamaliza riwaya hata moja, unasoma zile za kwenye simu zinazokatwa pakiwa patamu ukaambiwa utume pesa upate sehemu ya pili, na juzi ulipoazimwa Babu Alipofufuka ukairudisha hujafika nusu. Mwenzetu aliyekujibu kabla yangu humu jukwaani kakwambia uanze na Peponi kwa kuwa mwandishi wake kapata Nobel. Mie siafikiani naye, na nitafika huko. Kwanza hiyo iliyokushinda.

Haijakushinda wewe peke yako. Said Ahmed Mohamed ni mtoto wa Pemba kama mie, na namsifu kila nikikaa barazani, lakini kile kitabu cha 2001 kakiandika kwa msomaji aliyekwisha kuzichoka riwaya za kawaida. Babu katoka kuzimu, anamwandama mjukuu wake mwenye cheo, na mjukuu mwenyewe jina lake ni K, basi, herufi moja. Hujui saa ngapi uko macho, saa ngapi uko njozini. Dunia Yao ya 2006 ndiyo usiseme. Anayekupa hivyo kuwa vya kuanzia anakutosa mkondoni kabla hujajua kuogelea ufukweni. Viweke, utavirudia, na ukivirudia utavipenda.

Sasa yangu. Mie nasoma kwa sauti. Naishi Wete na shangazi yangu, macho yake hayaoni maandishi tena, na baada ya isha akishamaliza nyiradi zake huniambia, "Haya, lete huyo mtu wako wa jana." Kwa hiyo mapendekezo haya si yangu tu, yamepita kwake. Mambo ya dhamira na maudhui tuliyokaririshwa skuli yeye hayajui. Yeye akisikia watu wa kitabuni wanazungumza kama watu, anakaa. Akisikia mwandishi anahutubia, anauliza kama mlango wa nyuma umefungwa.

Anza na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, kaozwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Nilidhani shangazi atamlaani yule mzee tangu ukurasa wa kwanza. Hakumlaani. Alisikiliza Raza anavyomzungukazunguka mke asiyemtaka, kila analomfanyia lisipokelewe, kisha akasema, "Maskini, naye kadanganywa na waliomuoza." Hapo ndipo penye ubingwa wa Shafi. Hakupi mtu wa kumchukia upesi. Halafu ukifika kwa Mwajuma, yule rafiki wa kike wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, anayemfungulia Yasmin mlango ndugu zake walipomkataa, utacheka peke yako ndani ya daladala. Mwajuma tu anatosha kununulia kitabu. Denge, mpigania uhuru aliyesoma Urusi, mie simwoni mtu sana. Anakuwa shujaa mno, na zile kufukuzana na makachero wa Kiingereza zinarefuka kuliko haja. Shangazi hakubaliani nami hapa. Yeye kila siku aliuliza, "Denge kashikwa?"

Ukiwa umeiona filamu ya Amil Shivji ya 2021, usijihesabu umesoma. Ni filamu nzuri, picha zake zinapendeza, lakini maneno ya Mwajuma yako kitabuni.

Ya pili, kitu chepesi: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Huyu bwana mzaliwa wa Makunduchi alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, na hadithi yake hii ikashinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali imekutwa mzimuni, kila mtu ana sababu yake, na mpelelezi Bwana Msa anakaa na kiko chake anafikiri huku rafiki yake Najum pembeni akihangaika kuelewa. Ndiyo, utamwona Sherlock Holmes nyuma yake, hata mwandishi hakumficha sana, lakini uvumi, heshima za nje na fitina za ndani ni za kwetu kabisa. Kasoro yake ni mwishoni: Bwana Msa anapokaa kueleza alivyofumbua, anaeleza na anaeleza. Shangazi alikwishamtaja muuaji siku mbili kabla, akawa anasubiri tu athibitishiwe. Ukikipenda hiki, vipo vingine vya Bwana Msa vya kutosha mwaka mzima. Kisima cha Giningi ndicho ningekifuatisha.

Baada ya hapo ndiyo nakuruhusu uingie kwenye mazito.

Utengano, ya 1980, huenda ulisomeshwa. Irudie. Skuli tulimsoma Maimuna kama jibu la mtihani: "mwanamke aliyeathiriwa na malezi ya kufungiwa." Ukiwa mtu mzima unaona mengine. Unaona Bi Farashuu alivyoitunza chuki yake miaka yote kwa yale aliyofanyiwa mwanawe na Maksuudi. Unaona Kazija, ambaye watu wanamwita mwanamke wa mjini, anavyomweka Maksuudi, yule mheshimiwa, na mwanawe Mussa mahali ambapo hakuna wa kumtazama mwenzake usoni. Mlango ule tulipousoma usiku shangazi alinyamaza muda, kisha akasema nirudie. Na huyu ndiye Said Ahmed Mohamed yule yule wa Babu Alipofufuka, kwa hiyo ukitoka hapa utakuwa umekwisha kumzoea.

Kuli ya 1979, ya Shafi yule yule wa Vuta N'kuvute, isome kwa ajili ya bandari. Mgomo wa makuli wa 1948 umo ndani yake, na Rashidi ni kijana unayemfahamu. Nusu ya mwisho inahutubu kidogo, vumilia. Mie naiona Kasri ya Mwinyi Fuad, yake pia, iliyotangulia mwaka mmoja, kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ya Kijakazi tu. Yule mama katumika kwa Mwinyi Fuad maisha yake yote, katukanwa, kadhalilishwa, Mapinduzi ya 1964 yanakuja kumwambia yu huru, naye roho yake bado iko kwa bwana wake. Wapo wanaosema kazidishwa. Shangazi alisema yeye akina Kijakazi kawaona kwa macho yake, na hakutaka kuendelea na mazungumzo hayo.

Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) ni fupi, na ningekuwa na ujasiri ningesema ndiyo bora kuliko zote nilizotaja. Bahati anataka mapenzi, Idi anataka fedha, tajiri Mwinyi anamtaka Bahati. Hakuna siasa ya kupigiwa makofi, hakuna mtu wa kuja kuwaokoa. Nyota ya Rehema yake ya 1976 ni pana zaidi, ina shamba na urithi ndani, na kwa sisi watu wa visiwa ambao nusu ya ugomvi wetu ni mikarafuu ya marehemu, inauma.

Narudi kwa Peponi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa huko Unguja mwaka 1948, akatoka akiwa kijana kwenda Uingereza, akaandika kwa Kiingereza. Kitabu hiki ni cha 1994, na Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobel. Kazi yake ni safi. Yusuf anachukuliwa na mtu anayemwita ami, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Pale dukani, Khalil anapomkemea kila akisema "Ami Aziz" na kumwambia huyo si ami yako, shangazi alikaa wima. Ila safari ya msafara bara ni ndefu, Yusuf mwenyewe mtu wa kimya, na mambo makubwa yanapita bila kupigiwa mbiu. Inataka msomaji mwenye subira. Ukianza nayo, naogopa utairudisha kama ulivyorudisha ile. Ukiifikia baada ya Kiu, utaisoma taratibu na hutotaka iishe.

Umeuliza pia kama wapo wanawake wa kwetu wanaoandika, maana hizi zote ni wanaume wanatusimulia mateso yetu. Swali la haki. Nimeianza Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata Tuzo ya Mabati-Cornell ya uandishi wa Kiswahili ya 2018. Niko katikati, nyumba ya baba mkali, na sisemi zaidi kwa sababu shangazi kanikataza kusoma mbele bila yeye.

Kuhusu kuvipata: huku Pemba ni taabu, mie vingi naagizia Dar kwa mtu anayevuka. Wewe uko mjini, jaribu Maktaba Kuu kwanza, na uwaulize walimu wa Kiswahili, wao ndio wenye nakala za zamani makabatini. Kiu ninayo, nakupa kwa sharti moja: uje kuichukua mwenyewe Wete, maana niliyoipeleka kwa mkono wa mtu mara ya mwisho mpaka leo iko Kikwajuni, na aliyeichukua yumo humu humu jukwaani anasoma hii.