Kabla hujalipa: mchapaji siyo mchapishaji

Mkuu, umeuliza kama utoe milioni 3 ulizodunduliza uchape nakala 1,000 za riwaya yako, maana mwenye mtambo kakwambia ukichapa nyingi bei ya nakala inashuka. Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2019 hapa Dar. Nakuomba usilipe kwanza.

Alichokwambia ni kweli. Kwenye ofseti, yaani uchapaji wa kutumia pleti (mabamba ya kuchapia), gharama kubwa iko mwanzoni: kutengeneza pleti, kupanga kurasa, kuandaa mashine. Ukiigawa kwa nakala nyingi, kila moja inabeba kidogo. Mimi niliambiwa nakala 200 ni shilingi 6,500 kila moja, na 1,000 ni shilingi 3,200. Nikapiga hesabu kwamba nikiuza 10,000, nabaki na 6,800 mara elfu moja. Nilipanga mpaka cha kufanyia hiyo hela. Wanunuzi elfu moja nitawatoa wapi, hilo sikujiuliza.

Wengi tunachanganya mchapaji na mchapishaji. Mchapaji anatia wino kwenye karatasi, anakunja, anakata, anagundisha jalada, anakukabidhi mzigo, basi. Mchapishaji ndiye anayemtafuta mhariri, anayepanga bei, anayezungusha kitabu, anayedai hela na kubeba hasara. Siku unapomlipa mchapaji, mchapishaji umeshakuwa wewe, uwe umejiandaa au hujajiandaa.

Mzigo wangu ulikuja na kirikuu, maboksi 25. Wiki mbili za kwanza niliuza nakala 140: ndugu, wafanyakazi wenzangu, watu wa kanisani. Baada ya hapo kimya. Maduka ya vitabu yalipokea, lakini kwa mali kauli: unaacha nakala 10, wanakata asilimia 35, unalipwa zikishauzwa. Duka moja la mjini liliuza nakala zangu 7. Hiyo ni shilingi 45,500, na nilizifuata Jumamosi sita.

Kilichoniuma zaidi ni simu ya msomaji wa Morogoro. "Kaka, kitabu chako kinaruka. Ukitoka ukurasa wa 48 unakuta wa 65." Nikafungua boksi pale sebuleni, nakala ya tatu tu nikaona kweli. Kurasa zinachapwa kwa fomu, yaani karatasi kubwa moja ikikunjwa inatoa kurasa 16, na kwenye baadhi ya nakala fomu ya nne haikuwekwa kabisa. Nilikesha nikifunua moja moja mpaka ukurasa wa 48. Mbovu zilikuwa 83. Mchapaji akasema nilishasaini kupokea mzigo. Yule msomaji nilimtumia nyingine kwa basi bure, na hadi leo huwa nawaza ni wangapi walikutana na pengo lile wakaamua tu kwamba sijui kuandika.

Kwa hiyo dai dami, nakala moja iliyokamilika na jalada lake, uisome yote kabla hujaruhusu kazi iendelee. Na mzigo ukifika, fungua maboksi kabla ya kusaini.

Kitabu cha pili, 2022, nilianza na mhariri. Nilimlipa 600,000 na sijutii hata senti. Kisha nikatangaza kwa wale walionunua cha kwanza, namba zao nilikuwa nimeziandika kwenye daftari. Watu 118 wakalipa kwa simu kabla hakijachapwa. Nikachapa 200 tu, kwa mashine ya dijitali, isiyohitaji pleti. Bei ya nakala ilikuwa juu, ndiyo, lakini sikulala na boksi hata moja ndani.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ifuate mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba. Mchapaji akikwambia atakuwekea namba yake, kataa, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoonyesha mchapishaji ni nani. Sajili kazi COSOTA pia, ofisi ya hakimiliki. Kuhusu kuuza shuleni, hiyo ni safari nyingine yenye ithibati na kusubiri, usiiweke kwenye hesabu za mwaka huu.

Ila kuandika usiache. Yule wa Morogoro alipomaliza kitabu alinipigia tena, tukaongea karibu saa nzima kuhusu mhusika ambaye nilidhani hakuna atakayemjali.

Muswada wako una kurasa ngapi, na umeshasomwa na nani mbali na wewe? Nijibu hayo mawili, nikusaidie kukadiria fomu na gharama.