Muulize Fundi: Nikikateje kinoo changu cha Arkansas?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nachonga milango ya nakshi hapa Unguja, shemeji yangu aliyeko Marekani kaniletea kinoo cha Arkansas, kile cheupe kigumu, nchi 8 kwa 2. Kwa patasi bapa kiko poa sana ila kwa bobari zangu ndogo, zile patasi zenye makali ya kupinda, hakiingii ndani. Nataka nikikate vipande, nimejaribu msumeno wa chuma unateleza tu. Nipige tindo au nitumie grinda?
Mchonga Nakshi, Unguja

JIBU: Tindo weka mbali kabisa kaka. Hilo jiwe ni novakulaiti, karibu lote madini ya kwatzi tupu, likipigwa linapasuka kama chupa na ufa unaenda unakotaka wenyewe sio ulikochora wewe, ndo maana wenyeji wa asili wa huko Marekani walikuwa wanalichongea vichwa vya mishale. Na msumeno lazima uteleze, kwatzi ni ngumu kuliko chuma chake, ungekomaa nao ungebaki na bledi kipara.

Hapo kinachokata ni almasi tu. Grinda yenye diski ya almasi itakata, sibishi, ila kavu kavu usithubutu, lile vumbi ni silika, likishakaa kwenye mapafu halitoki, wachonga mawe wengi limewaua, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Sasa ukisema basi umwagie maji huku umeshika grinda ya umeme mkononi, umekimbia vumbi umeifuata shoti.

Nenda kwa fundi marumaru mwenye ile mashine ya meza inayokata na maji, afunge diski ya almasi yenye ukingo mzima, ile ya mapengo inamegua kingo. Jiwe lioshe kwanza na sabuni mafuta yatoke, halafu ligandishe kwa supa gluu juu ya kipande cha marumaru kibovu, diski ipite kwenye vyote viwili, bila hivyo kona ya mwisho inakatika kabla diski haijafika. Gluu utaitoa na asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Na asisukume, diski ijilie yenyewe polepole.

Ila vipande vipande vya nini jamani? Toa ubavu mmoja tu, kijiti cha nusu nchi, ubaki na jiwe pana la patasi zako, maana ukishalimaliza lote hulirudishi.

Kile kijiti kifanye ukingo uwe wa mviringo uingie ndani ya bobari, kwa msasa wa maji namba 120 juu ya kioo, kazi ya mkono hiyo na msasa utaisha mwingi tu. Paka wino wa maka ndani ya bobari, sugua mara mbili tatu, pale wino ulipofutika ndo panapogusa, endelea hadi ufutike tumbo zima. Na lile tope jeupe mezani lifuteni likiwa bichi, likikauka ni vumbi lile lile.