Prosesa kuingia kwenye soketi si ushahidi kwamba itawaka

Prosesa ya Intel Core i7-3770 inaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya kompyuta ya HP Compaq 8200 Elite. Mikato miwili ya pembeni inakaa mahali pake na wenzo unafunga bila kulazimishwa. Ukiwasha, feni zinazunguka, skrini inabaki nyeusi. Prosesa ni nzima na mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ni nzima, lakini hazipatani.

Tatizo liko kwenye chipseti, chipu ya mazabodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine. Mashine ile inatumia Q67 ya mwaka 2011, iliyokuja na prosesa za Intel za kizazi cha pili, zile zinazoanza na namba 2 kama i5-2400 na i7-2600. Kizazi cha tatu kilitoka 2012 kikabaki kwenye soketi ileile ya LGA1155, ila Intel haikukiruhusu kwenye Q65, Q67 na B65, ambazo ndizo chipseti za kompyuta nyingi za ofisini za kipindi hicho. H61, H67, P67 na Z68 zinakikubali, mradi mtengenezaji wa mazabodi alitoa BIOS mpya, yaani programu ya ndani ya mazabodi inayowasha mashine. HP 8300 Elite yenye Q77 inapokea vizazi vyote viwili. Kwa sura, 8200 na 8300 zinafanana sana, na kwenye maduka ya mtumba ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, unaweza kuzikuta zimepangwa pamoja. Dell nako ni vivyo hivyo: OptiPlex 790 na 990 zinaishia kizazi cha pili, 7010 na 9010 zinafika cha tatu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jua mazabodi yako kwa jina kamili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mistari ya System Model, BaseBoard Product na BIOS Version. Kwa HP, Dell na Lenovo tafuta kwa System Model, kwa sababu namba ya mazabodi yenyewe mara nyingi ni msimbo usiokusaidia sana. Kwa kompyuta ya kuunga, BaseBoard Product ndiyo muhimu. Fungua pia kasha usome toleo lililochapishwa kwenye mazabodi, mfano Rev 1.0 au Rev 2.0. Usilipuuze hilo. Mazabodi mbili zenye jina moja na toleo tofauti zinaweza kuwa na orodha tofauti za prosesa na mafaili tofauti ya BIOS.

Ukishalipata jina, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukurasa wa mazabodi hiyohiyo, utafute orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kwa mashine za HP na Dell, orodha hiyo mara nyingi iko ndani ya kitabu cha maelezo ya modeli. Kwenye orodha za mazabodi kuna safu ya toleo la BIOS, na watu wengi huiruka. Ikiandikwa F8 na yako ni F3, prosesa mpya inaweza isiwake kabisa hadi usasishe.

Sasisha BIOS prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, kwa sababu baada ya kuitoa hutakuwa na kitu cha kuwashia mashine. Mazabodi za H61 zinazopelekwa kizazi cha tatu huhitaji pia programu ya ndani ya Intel iitwayo ME ifike toleo la 8, ndiyo maana nyingine husasishwa kwa hatua mbili. Fuata mpangilio wa mtengenezaji neno kwa neno. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, simamisha BitLocker kwanza na uwe na ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Na usianze bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mazabodi nyingi za enzi hizo haziwaki tena mpaka fundi aiandike upya chipu ya BIOS kwa kifaa kama CH341A.

Mtego wa soketi moja haukuishia LGA1155. Mazabodi za LGA1151 zenye chipseti za mfululizo wa 100 na 200, kama H110 na B250, hupokea kizazi cha sita na cha saba. Cha nane, kilichoanza mwishoni mwa 2017, kinataka mfululizo wa 300 ingawa idadi ya pini haikubadilika. Upande wa AMD, mshindani wa Intel, soketi ya AM4 imebeba prosesa za Ryzen za miaka mingi, lakini chipseti ya B550 haikubali Ryzen za mfululizo wa 1000. Kwenye A320 na B350, baadhi ya BIOS mpya zimeondoa prosesa za zamani kwa sababu nafasi ya chipu ya BIOS haitoshi. Soma onyo la faili kabla ya kulipakua, maana unaweza kusasisha na prosesa uliyonayo ikakataa kuwaka.

Halafu angalia wati, kipimo cha umeme na joto la prosesa. i7-2600 ni wati 95, i5-3470 na i7-3770 ni 77. Kwenye kasha kubwa la mnara hakuna wasiwasi, lakini OptiPlex 7010 ndogo kabisa, ile ya USFF, mwisho wake ni wati 65. Hapo tafuta namba inayoishia na S, kama i5-3470S au i7-3770S. Zenye herufi T ni za wati chache zaidi. P, kama i5-3350P, haina grafiki ya ndani, hivyo bila kadi ya grafiki hutapata picha. Xeon E3-1230 v2, prosesa ya Intel ya seva, iko hivyohivyo, wakati E3-1245 v2 ina grafiki. Xeon za v5 usizinunulie H110 hata kidogo, zinataka chipseti za mfululizo wa C230.

Dukani, soma msimbo uliochongwa kwenye chuma cha prosesa: i5-3470 ni SR0T8, i7-3770 ni SR0PK. Ukikuta ES au Intel Confidential, iache. Hizo ni za majaribio, na BIOS nyingi hazizitambui.

Wakati wa kufunga, usiguse pini za soketi hata kwa kitambaa. Moja ikipinda inaweza kuzima nafasi nzima ya RAM. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa alkoholi, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, kaza skrubu kwa mshazari. Kwa AMD ya AM4, zungusha kipozeo kidogo kulia na kushoto kabla ya kukivuta, la sivyo prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Joto likipita nyuzi 90 kazi ikiwa nzito, huenda kipozeo hakijakaa sawa.

Na skrini ikibaki nyeusi, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 dakika chache, jaribu kipande kimoja cha RAM. Bado? Rudisha prosesa ya zamani. Ikiwaka, mazabodi haijafa: rudi kwenye orodha usome tena safu ya BIOS.