Kabla hujatuma hela ya hizo Super 8 za friza, soma ubavu wa boksi

Mkuu usitume hela. Kama umeshafungua app ya benki, ifunge kwanza.

Nimesoma swali lako. Umepata mtu ana katoni la kaseti za Super 8 za zamani, yaani filamu za kamera ndogo za sinema za nyumbani, aina mbili za Kodak, Kodachrome na Ektachrome, zimechanganyika, anadai zimekaa friza tangu siku ya kwanza. Unauliza bei halali ni ipi, upige kwa spidi gani (yaani uihesabu filamu inahitaji mwanga kiasi gani), kamera yako itazipokea au la, na kama unaweza kuuza nusu ukarudisha hela yako. Maswali manne na hakuna hata moja linalouliza zitasafishwa wapi, yaani nani atazitia dawa picha ionekane!! Ndipo hapo hapo mimi nilipoingizwa mjini.

Muuzaji wangu alinitumia picha ya friza. Mlango wazi, barafu imeganda kingo zote, maboksi ya njano yamepangwa kama yanasubiri mgeni rasmi, nikayeyuka mimi badala ya barafu. Nikalipa. Mzigo ulipofika kumbe sehemu kubwa ni Kodachrome 40, na ndani ya maboksi kuna kibahasha cha njano cha kurudishia filamu ikasafishwe, maana enzi zile nchi kibao za Ulaya ukinunua Kodachrome hela ya kusafisha imo humo humo kwenye bei. Nikamuuliza jamaa sasa hizi nazipeleka wapi, akanijibu bila hata aibu: "kusafisha kumeshalipiwa kaka, soma bahasha". Kumeshalipiwa! Kodak waliacha kutoa K40 ya Super 8 mwaka 2005, Kodachrome yote wakaizika 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa bado inaisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons kule Kansas, Marekani, ilipokea mzigo wa mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Yaani nimeuziwa bahasha ya kutuma barua kwa marehemu. Hizo bahasha bado ninazo, naweka risiti.

Na usije ukajidanganya kama nilivyojidanganya kwamba fundi yeyote mzuri ataibahatisha. Kodachrome haina rangi ndani yake, rangi inaingizwa wakati wa kusafisha kwa dawa za K-14, na hizo dawa hakuna anayezichanganya tena kibiashara, kwa hiyo ukiitumbukiza kwenye E-6, dawa za kawaida za filamu za slaidi, hupati rangi mbaya, hupati rangi kabisa. Kilichobaki ni kuisafisha kama nyeusi na nyeupe, na hata hapo mgongoni ina ule utando mweusi wa kaboni ambao lazima utolewe kwanza, ukiachwa unachafua kila kitu. Nilizipeleka baadhi. Nikarudishiwa uji wa kijivu, ukiangalia kwa nguvu unaona kitu kama bega la mtu linapita. Gharama ya kila kaseti, ukijumlisha posta, ilizidi bei ya Tri-X mpya, filamu ya nyeusi na nyeupe ya Kodak, ambayo ningeipiga siku hiyo hiyo na kupata picha ya kueleweka.

Sasa wale mnaomwambia mwenzenu humu "friza = mpya", naomba mkae pembeni kidogo. Ni watu wa aina yenu walionipa moyo. Friza linapunguza kasi ya joto kuiharibu filamu, basi. Mionzi ya asili inapita kwenye friza kama haipo, na kadiri filamu ilivyo na spidi kubwa ndivyo inavyoingia ukungu mapema (filamu inafifia kana kwamba imepigwa na mwanga), kwa hiyo 500T, ya spidi kubwa, iliyolala miaka mingi kwenye baridi inaweza kuwa hovyo kuliko 50D, ya spidi ndogo, iliyokaa kabatini. Halafu ile barafu kwenye picha iliyoniyeyusha mimi wala sio sifa, ni unyevu. Kaseti zinatakiwa ziwe ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na ukizitoa unaziacha hivyo hivyo masaa kadhaa zirudi kwenye joto la chumba kabla hujachana pakiti, la sivyo umande unatua juu ya filamu yenyewe. Muulize huyo muuzaji wako kama anayajua haya. Wangu alisema "mimi nauza tu".

Ektachrome nayo isikupe raha mapema. Jina sio proseso, yaani aina ya dawa za kusafishia. Ektachrome 160 ya Super 8 ya zamani ilikuwa inasafishwa kwa EM-26, sio E-6, wakati 100D ya siku hizi ni E-6 safi kabisa. Maboksi mawili, jina moja, moja picha lingine hasara. Geuza boksi uangalie ubavuni kwenye maandishi madogo, imeandikwa proseso: K-14 acha, EM-26 acha, VNF-1 acha, E-6 tunaweza kuongea, ECN-2 (ya negativu za rangi) tunaweza kuongea, nyeusi na nyeupe tunaweza kuongea. Ndiyo sheria yangu na sina nyingine, proseso kwanza, hadithi za friza baadaye. Hajui proseso? Apige picha ubavu atume. Hataki kupiga? Ameshakujibu.

Kuhusu spidi, ile habari ya "ongeza stopu moja kila miaka 10", yaani mwanga mara mbili, ni ya negativu. Hizi ni rivasali mkuu, yaani filamu yenyewe ndiyo inatoka picha ya kuangalia, ukungu unakula weusi, na ukiongeza mwanga unazidi kuziosha, weusi unabaki kahawia vile vile. Hata zile E-6 utakazokuta humo, chukua kaseti moja yenye namba ya bachi sawa na nyenzake, piga futi chache, kasafishe, ndio ujue una nini. Kaseti nzima ni futi 50, dakika 3 na sekunde 20 kwa fremu 18 kila sekunde, haikuui kupoteza moja. Asiyekubali kukuuzia moja ya majaribio kabla ya katoni anajua anachouza.

Kuuza nusu? Zangu zilizobaki niliziuza kwa maelezo ya wazi kabisa, "zimekufa, za kujaribia kama mota ya kamera inazunguka", na zilitoka, kwa hela ambayo haifiki hata gharama ya kuzisafirisha kuja kwangu. Kwa hiyo bei halali ya Kodachrome ni hiyo, bei ya kitu cha kujaribia mota, na ukiona mtu anaziuza kwa bei ya filamu hai na picha ya friza juu yake nitumie inbox, nataka kuona kama ni friza lile lile.

Tupia hapa picha za maboksi yako, ubavu ule wenye maandishi madogo, sio upande wa jina. Leo nipo.