Paka anayerarua kochi: weka kandambili chini

Dada, umesema paka wako anararua mkono wa kochi, ukimchapa kandambili anakimbilia uvunguni, usiku anarudia. Acha kumchapa, tafadhali. Kipigo hakihusishi na kochi, anakihusisha na wewe, ndiyo maana anangoja ulale. Na kukwaruza si ukaidi: anavua ganda la kucha lililozeeka, ananyoosha mgongo na kuacha harufu ya nyayo zake.

Mtengenezee nguzo ya sentimita 80 hadi 90, aweze kujinyoosha wima, uizungushie kamba ya katani iliyobana vizuri. Kitako kiwe kipana na kizito. Ikimyumbia hata mara moja anaweza kuisusa kabisa. Wengi hukosea kwa kuificha pembeni. Isimamishe palepale kwenye mkono wa kochi alioupenda, na kochi ulifunike shuka lililokazwa, asipate pa kunasia kucha. Akikwaruza nguzo, mpe dagaa asiye na chumvi papo hapo, ndani ya sekunde 2 au 3. Akishazoea, isogeze kidogo kidogo.

Kucha mkate kila baada ya wiki 2 au 3, ile ncha nyeupe tu. Sehemu ya waridi ina mshipa wa damu.