Ukikwazwa kanisani, usimsusie Mungu

Kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa, hutumwa mara kwa mara kuwatembelea washarika walioacha kuja ibadani. Wanaosema hawaamini tena ni wachache mno. Wengi wamekwazwa: huyu ahadi yake ambayo hajailipa ilisomwa mbele ya watu, yule alivuliwa uongozi wa kwaya bila kuambiwa, mwingine alifiwa na mchungaji hakutokea.

Nakumbuka mama mmoja wa kundi hilo la mwisho. Mara ya kwanza aliniwekea chai, akasema, "Baba, mwanangu kazikwa na mwinjilisti kama vile mimi si msharika." Alikuwa na haki ya kuumia, nami nikamwambia hivyo. Nilipopita tena, kwake usharika mzima ulikuwa wa wabaguzi. Baadaye ikawa dini yote ni biashara. Mwishowe tuliletewa chakula, nikamwomba atuombee. "Omba wewe, mimi sina la kumwambia." Deni la mchungaji alikuwa amemwandikia Mungu.

Someni habari za Naamani, 2 Wafalme 5. Jemadari wa Shamu, mgonjwa wa ukoma anayetafuta kuponywa, kafika na farasi na magari hadi mlangoni kwa Elisha, na nabii hata hatoki. Anamtuma mjumbe amwambie akaoge Yordani mara 7. Naamani akaghadhibika, akaisifu mito ya Dameski, akageuka aende zake na ukoma wake. (Ningekuwa yeye, ningeona nimedharauliwa.) Elisha hakumfuata kumbembeleza.

Kwa hiyo ukikwazwa, wahi. Mathayo 18:15 inakutuma kwa aliyekukosea, ninyi wawili tu, kabla kikundi cha WhatsApp hakijapata habari. Usingoje mchungaji agundue kwamba umenuna. Pengine hajui lolote. Ikishindikana kabisa, hamia usharika mwingine, ila kuomba usiache, hata kama sala yenyewe ni lawama tupu. Zaburi zimejaa lawama. Katika niliowatembelea, waliomlalamikia Mungu walirudi upesi kuliko waliomnunia.

Na kama aliyekwazwa ni rafiki yako, usianze kwa kumtetea mchungaji. Watumishi wa Naamani hawakumtetea Elisha hata kidogo. Walimwita bwana wao "Baba yangu", wakamuuliza: kama nabii angekuagiza jambo kubwa, usingelifanya? Hapo ndipo akashuka mtoni.